Maji ya Bahari Yanapoelekea Tindikali: Hatima ya Matumbawe Laini

Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Butiama hutiririka hadi Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo hutoka kwa Mto Naili, yakasafiri kuelekea kaskazini hata Bahari ya Mediterania. Kwa njia ya mito, basi, tone la maji la Musoma haliwezi kufika Tanga, ingawa miji hiyo miwili imetengana kwa takriban kilomita 700 tu kwa mstari ulionyoka. Lakini hewa haifuati mabonde ya mito. Gesi itokayo katika tanuri la mkaa huko Bunda, au katika injini ya basi liendalo Mwanza, huchanganyika na hewa ya dunia nzima, na sehemu yake huishia baharini. Ndiyo sababu mwanafunzi wa mkoa wa Mara, hata kama hajapata kuiona bahari, anapaswa kufahamu jambo linalotokea katika miamba ya matumbawe ya pwani yetu.

Jambo lenyewe ni hili: maji ya bahari yanapungua ualkali wake mwaka hadi mwaka, na viumbe wanaojenga miili yao kwa chokaa wanapata taabu. Habari nyingi zilizoandikwa juu ya suala hili huzungumzia matumbawe magumu, yale yanayojenga miamba. Makala hii itawatazama ndugu zao wasiotajwa mara nyingi, yaani matumbawe laini, ambao mkasa wao una mafunzo ya pekee kwa mwanafunzi wa kemia na wa biolojia.

TUMBAWE LAINI NI KITU GANI?

Tumbawe ni mnyama, si mmea wala jiwe. Kila tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo waitwao polipi, na kila polipi ni kama mfuko mdogo wenye mdomo uliozungukwa na minyiri. Wanyama hawa ni wa kundi moja na konyeza, yule mnyama wa baharini anayewasha ngozi ya mwogeleaji. Kundi hilo lina mwakilishi hata katika maji yetu baridi: katika Ziwa Victoria huishi konyeza mdogo ambaye wanasayansi humwita Limnocnida victoriae. Hivyo ziwa halina matumbawe, lakini lina jamaa yake wa mbali.

Polipi wa tumbawe gumu ana minyiri sita, au idadi inayogawanyika kwa sita, naye hujijengea chini yake kikombe kigumu cha chokaa. Vikombe hivyo, kizazi juu ya kizazi, ndivyo hufanya mwamba. Polipi wa tumbawe laini ana minyiri minane, na kila mnyiri una matawi madogo pande mbili, mithili ya unyoya wa ndege. Yeye hajengi kikombe. Badala yake, ndani ya nyama yake hutawanya vijiti vidogo sana vya chokaa, vingi kwa maelfu, ambavyo huutia mwili nguvu bila kuufanya mgumu. Ukiligusa tumbawe laini utahisi kama unagusa ngozi nene iliyolowa. Likipigwa na mkondo wa maji hujipinda lisivunjike.

Katika miamba ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Zanzibar, Mafia na Mtwara, jamii za matumbawe laini zionekanazo mara kwa mara ni Sarcophyton, lenye umbo la uyoga. Lobophytum, lenye vidole vinene. Sinularia, lenye matawi mengi. Na Xenia, ambalo polipi zake baadhi hufumba na kufumbua minyiri kama mkono. Wengi wao hufuga ndani ya miili yao mwani wa chembe moja. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na sehemu ya sukari hiyo huwa chakula cha mwenyeji wake.

KEMIA ILE ILE YA MAJI YA CHOKAA

Kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kufundishwa jinsi ya kuitambua gesi ya kaboni dioksidi. Hupuliza pumzi yake kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, na maji hayo hugeuka kuwa meupe kama maziwa. Weupe huo ni kaboneti ya kalsiamu, yaani chokaa ile ile iliyomo katika ganda la konokono na katika mwamba wa matumbawe. Lakini wanafunzi wengi huishia hapo. Anayeendelea kupuliza kwa dakika kadhaa huona ajabu ya pili: weupe hutoweka, na maji yanang'aa tena.

Ajabu hiyo ya pili ndiyo kiini cha habari hii. Gesi ya kwanza ilitengeneza chokaa. Gesi ilipozidi, iliiyeyusha. Kaboni dioksidi ikiingia katika maji hufanya asidi hafifu iitwayo asidi ya kaboni. Asidi hii hutoa ioni za hidrojeni. Ioni hizo hazikai peke yake: huzishika ioni za kaboneti zilizomo majini na kuzigeuza kuwa ioni za bikaboneti. Mjenzi wa chokaa huhitaji vitu viwili, kalsiamu na kaboneti. Kalsiamu baharini ni tele. Kaboneti ndiyo inayopungua, kana kwamba mwashi ana mchanga wa kutosha lakini saruji inapotea ghalani mwake siku hadi siku. Kaboneti ikipungua kupita kiasi, hata chokaa iliyokwisha kujengwa huanza kuyeyuka.

Kabla ya viwanda kuenea, yapata mwaka 1750, katika kila chembe milioni moja za hewa kulikuwa na chembe 280 hivi za kaboni dioksidi. Vipimo vinavyochukuliwa katika mlima Mauna Loa, Hawaii, tangu 1958, vimeonyesha kiwango kikipanda bila kusita, na wastani wa mwaka 2024 ulizidi 420. Kiwango kingekuwa kikubwa zaidi kama bahari isingekuwa inameza takriban robo ya gesi yote ambayo wanadamu huitoa kila mwaka. Bahari imetufadhili, lakini fadhila hiyo ina gharama yake.

Gharama hiyo hupimwa kwa kipimo cha pH, kilichobuniwa na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909. Maji yasiyo asidi wala alkali yana pH ya 7. Chini ya hapo ni asidi, juu yake ni alkali. Tabaka la juu la bahari lilikuwa na wastani wa pH karibu 8.2; sasa ni karibu 8.1. Msomaji asidanganywe na udogo wa tofauti hiyo. Kipimo cha pH hupanda na kushuka kwa vipeo vya kumi, kwa hiyo kushuka kwa 0.1 ni sawa na kuongezeka kwa ioni za hidrojeni kwa karibu asilimia 26. Na kwa kuwa kushuka kwenyewe kumezidi kidogo 0.1, wataalamu hutaja ongezeko la takriban asilimia 30. Iwapo gesi itaendelea kutolewa kwa wingi, pH hiyo yaweza kufika karibu 7.8, au chini yake kidogo, ifikapo mwaka 2100.

Yafaa kusisitiza kwamba hata hapo bahari itabaki kuwa alkali. Hakuna atakayeungua kwa kuoga baharini. Tunaposema bahari inaelekea tindikali, tunataja mwelekeo wa safari tu. Kwa mjenzi wa chokaa, mwelekeo huo watosha kumtia hasara.

ZIWA LETU LINATUFUNDISHA NINI?

Mtu aweza kuuliza: je, Ziwa Victoria nalo linashuka pH kwa namna hiyo hiyo? Jibu linahitaji uangalifu. Maji ya bahari yana chumvi nyingi zinazozuia pH isibadilike kwa ghafla. Maji ya ziwa yana chumvi chache za namna hiyo, na kwa sababu hiyo pH yake hupanda na kushuka sana, hata ndani ya siku moja.

Mchana, mwani uliomo katika tabaka la juu hutumia kaboni dioksidi kutengeneza chakula. Gesi ikipungua, pH hupanda. Na katika ghuba zenye mwani mwingi yaweza kupita 9 wakati wa alasiri. Usiku mwani haupati mwanga, bali viumbe vyote huendelea kupumua na kutoa gesi, na pH hushuka tena. Chini kabisa, mahali mwani uliokufa unapooza, gesi huongezeka na oksijeni huisha. Wavuvi wa Musoma na wa Ghuba ya Speke upande wa Bunda wanajua kwamba pengine upepo huyainua maji mabaya ya chini, na samaki huelea juu wakiwa wamekufa. Katika matukio kama hayo mwuaji mkuu ni ukosefu wa oksijeni, lakini maji hayo yasiyo na oksijeni ndiyo pia yaliyojaa kaboni dioksidi.

Kwa hiyo ziwa letu huonyesha kwa saa chache, kwa kupanda na kushuka, kemia ambayo bahari inaipitia polepole kwa miaka mingi na kwa upande mmoja tu. Viumbe wa ziwani wamezoea mabadiliko hayo ya haraka. Viumbe wa mwamba wa matumbawe wamezoea maji yaliyotulia, na mabadiliko wanayoyapata leo hayarudi nyuma ifikapo asubuhi.

YALIYOGUNDULIWA NA WATAFITI

Kwa mawazo ya kawaida, tumbawe laini lingepaswa kuathirika upesi. Chokaa ya vijiti vyake ni kalisaiti yenye magnesiamu nyingi, na chokaa ya namna hiyo huyeyuka kwa urahisi, pengine kuliko hata aragonaiti, ambayo ndiyo chokaa ya matumbawe magumu. Lakini maumbile hayakufuata hesabu hiyo rahisi.

Mwaka 2013 na 2014 watafiti wa Israeli walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya matumbawe laini ya Bahari ya Shamu, yakiwamo ya jamii ya Sarcophyton na ya ukoo wa Xenia. Waliyaweka katika maji yenye pH ya kawaida, na mengine katika maji ya pH 7.6 na 7.3, kwa muda wa miezi. Matumbawe yaliendelea kuishi bila dalili kubwa ya madhara. Hata mwani wao wa ndani haukupungua kwa kiasi cha kutajwa. Kisha wakafanya jaribio la busara zaidi. Walivitoa vijiti vya chokaa katika nyama na kuviweka peke yake katika maji ya pH 7.3. Vijiti vilivyo uchi viliharibika; vile vilivyobaki ndani ya tumbawe lililo hai vilikuwa salama. Maana yake ni kwamba nyama ya tumbawe laini ni kama koti la mvua: huikinga chokaa isikutane na maji ya nje.

Ushahidi mwingine umetoka katika maabara ya maumbile yenyewe. Mahali pengine duniani, gesi ya volkeno hububujika kutoka sakafu ya bahari na kuyafanya maji yawe kama yale tunayoyatazamia siku zijazo. Katika kisiwa cha Iwotorishima, Japani, watafiti walieleza mwaka 2013 kwamba mahali penye gesi kidogo palitawaliwa na matumbawe magumu. Mahali ambapo kipimo cha kaboni dioksidi katika maji kilikuwa 831, yaani karibu mara mbili ya kiwango kilichomo katika hewa ya leo, matumbawe magumu yalikuwa yametoweka, na Sarcophyton elegans lilikuwa limeenea mahali pake. Lakini kilipofika 1465, hapakuwa na tumbawe gumu wala laini.

Hata hivyo si kila mahali hukubaliana na Japani. Katika chemchemi za gesi za Papua New Guinea, zilizoelezwa mwaka 2011, matumbawe magumu yenye umbo la jiwe la mviringo ndiyo yaliyostahimili, na matumbawe laini yalipungua. Tena majaribio ya karibuni juu ya Rhytisma fulvum, tumbawe laini la Bahari ya Shamu, yameonyesha kwamba joto na asidi vikija pamoja huathiri uzazi na maisha ya watoto wake. Koti la mvua la mtu mzima halimfai mtoto mchanga ambaye bado hajalivaa.

Hitimisho la busara, basi, ni hili: tumbawe laini lililokomaa huvumilia upungufu wa ualkali kwa kiasi fulani, na pengine hufaidika pale jirani yake mgumu anaposhindwa, lakini uvumilivu huo una mpaka, na hutofautiana jamii kwa jamii.

JE, USHINDI WA TUMBAWE LAINI NI FARAJA?

Asiyefikiri sana angeweza kusema: ikiwa tumbawe gumu litaondoka na laini likabaki, hasara iko wapi? Hasara iko katika kazi ya kila mmoja. Mwamba wa matumbawe ni jengo. Una vyumba, mapango na nyufa ambamo changu, chewa, pweza na kamba hujificha, hutaga na kulisha watoto wao. Vilevile ni ukuta: mawimbi ya Bahari ya Hindi huvunjikia juu yake kabla ya kufika ufukoni, na nyuma yake hubaki maji tulivu ambamo akina mama hulima mwani na wavuvi huegesha ngalawa.

Jengo hilo, kama nyumba ya udongo, linahitaji kukarabatiwa kila mwaka. Sponji hulitoboa, samaki wengine huliguguna, mawimbi hulibomoa. Matumbawe magumu ndiyo mafundi wanaoliziba. Tumbawe laini likifa, nyama yake huoza na vijiti vyake hutawanyika kama mchanga. Zipo jamii chache, hasa za Sinularia, ambazo hugandamanisha vijiti vyao kuwa mawe, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya mafundi wote. Na katika maji yenye ualkali pungufu, sponji watoboao hufanya kazi yao kwa kasi zaidi. Mwamba uliofunikwa na matumbawe laini waweza kupendeza macho, kumbe chini yake unaliwa.

HALI YA PWANI YETU

Tusidhani kwamba miamba yetu inakabiliwa na adui mmoja tu. Mwaka 1998 bahari ilipata joto la kupita kiasi, na matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yaliutema mwani wao, yakapauka na kufa. Miamba ya Tutia huko Mafia ilikuwa miongoni mwa ile iliyopata hasara kubwa. Joto la namna hiyo limerudi tena, mwaka 2016 na mwaka 2024. Kwa miongo mingi uvuvi wa baruti, ambao umekatazwa na sheria, uligeuza sehemu za mwamba kuwa kifusi. Zamani pia matumbawe yalichimbwa na kuchomwa katika matanuru ili kupata chokaa ya kujengea.

Taifa halikukaa kimya. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, na ile ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma mwaka 2000. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, imefundisha wataalamu na kuichunguza miamba hii kwa miaka mingi. Katika Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, kupunguza madhara ya utindikali wa bahari ni shabaha ya 14.3.

Ni kweli kwamba hifadhi haiwezi kuzuia gesi isiingie majini. Askari wa hifadhi huzuia mtego na baruti, hazuii hewa. Lakini mgonjwa mwenye maradhi matatu akitibiwa mawili hupata nguvu ya kupambana na la tatu. Mwamba usiopigwa baruti na usiomwagiwa maji machafu hupona upesi zaidi baada ya joto. Maradhi ya tatu yatatibiwa kwa kupunguza gesi yenyewe, na hapo mzigo mkubwa uko kwa mataifa yenye viwanda vingi, yaliyotoa sehemu kubwa ya gesi iliyomo hewani. Sehemu yetu ni ndogo, lakini ipo: msitu unaochomwa hutoa gesi, na mti unaokua huimeza.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa vifaa vya bei ndogo. Yahitajika siki, bilauri mbili, mshumaa, na maganda makavu ya konokono au ya mayai. Angalizo: baadhi ya konokono wa ziwa hueneza kichocho. Wanafunzi wasiingie majini kuwatafuta. Waokote maganda matupu yaliyokauka nchi kavu na kuyaosha kwa maji safi, au watumie ya mayai.

Kwanza, chukua maganda mawili yanayolingana. Moja lipake nta ya mshumaa iliyoyeyuka, pande zote, pasibaki mwanya. Jingine liache vile vile. Pili, weka kila moja katika bilauri yake na umimine siki hadi lifunikwe. Tatu, tazama mapovu, kisha acha hadi kesho na ulinganishe.

Ganda lililo uchi litatoa mapovu ya kaboni dioksidi na kuendelea kuliwa. Lile lenye nta litasalimika, isipokuwa mahali nta ilipopasuka. Nta inasimama badala ya nyama ya tumbawe laini. Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba siki ni asidi kali mno ikilinganishwa na maji ya bahari; jaribio huharakisha jambo ili lionekane kwa siku moja. Yeyote atakayerudia pia jaribio la maji ya chokaa aendelee kupuliza mpaka weupe utoweke, na awe mwangalifu asiyavute maji hayo kinywani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ikiwa pH ya maji itashuka kutoka 8.1 hadi 7.8, ioni za hidrojeni zitaongezeka mara ngapi?

2. Eleza kwa nini pH ya Ziwa Victoria huweza kupanda mchana, ilhali kaboni dioksidi hewani inaongezeka.

3. Vijiti vya tumbawe laini huharibika vikiwa uchi, lakini huwa salama ndani ya nyama. Je, ganda la konokono linafanana zaidi na hali ipi? Toa sababu.

4. Mtaalamu mmoja anasema mwamba uliofunikwa na matumbawe laini ni mwamba ulio hai. Mwingine anasema ni mwamba unaobomoka. Je, wote wawili waweza kuwa na haki?